Sina Makosa, Shauri Yako, Pole Musa

Saa tatu kasorobo usiku fundi huifunika cherehani yake kwa kipande cha kanga iliyochakaa. Mikasi na chaki huvirudisha kwenye kopo la maziwa ya unga, futi ya kupimia huitundika msumarini, kisha huvuta kimeza kilichoegemea ukuta. Simu yake ina kioo kilichopasuka kona moja. Kando yake ipo miwani ya kusomea, na mbele yake kaunta buku nene lililovalishwa gazeti. Juu ya kaunta buku hulaza kalamu mbili, moja ya wino na nyingine ya risasi. Ya risasi huchongwa kwa wembe kila usiku, hata kama jana haikuandika kitu.

Chumba chake kiko Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nilimjua mzee huyu kwa maandishi kabla ya kumjua kwa sura. Tuko kundi moja la WhatsApp la wapenzi wa muziki, watu themanini na ushei: nesi wa Eldoret, dereva wa lori anayekwenda Lubumbashi na kurudi, mwanafunzi wa Mwanza, kijana aliyeko Muscat, na wengine ambao hata kazi zao sizijui. Kila usiku saa tatu tunacheza mchezo wa kuunga majina ya nyimbo. Kwa miaka miwili nilikuwa nasoma majibu ya huyu mzee na kujiuliza anayatoa wapi. Shughuli nyingine iliponifikisha Tanga, nikaomba nikae pembeni yake usiku mmoja, nitazame tu.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Kaa hapo kwenye kigoda. Usiniguse kiwiko, na usiniambie jibu.”

Mchezo wenyewe hauna ugumu wa kueleza. Mtu anatupa jina la wimbo. Mwingine analiunga na jina la wimbo mwingine kwa sababu yoyote anayoweza kuitetea: neno, kinyume chake, mahali, methali, hata maisha ya aliyeimba. Lazima utaje bendi au mwimbaji. Jina likishapita halirudi usiku huo, na mwanamuziki aliyepita harudi mpaka majina mengine matano yapite. Huruhusiwi kuunga juu ya jina lako mwenyewe. Na ukishaunga huelezi. Unaacha hapo, watu walitazame fundo. Asiyeliona anaandika neno moja, “Fumbua,” nawe unafumbua. Asiyeamini kama wimbo upo anaandika “Ushahidi,” nawe unatoa sauti.

Ni hayo tu. Lakini kushona nako ni kupitisha uzi kwenye kitambaa tu.

Usiku ule nesi ndiye aliyefungua. Alitupa “Sina Makosa” ya Les Wanyika, wimbo wa mwaka 1979 ambao hata asiyependa zilipendwa anaujua kwa gitaa lake la mwanzo. Haikupita dakika, dereva akaunga: “Shauri Yako,” Super Mazembe. Nilicheka. Majina mawili yale yalikuwa yamegeuka watu wawili mlangoni, mmoja anajitetea, mwingine amekwisha mpa mgongo.

Fundi hakucheka. Alivaa miwani, akayasoma majina yote mawili kwa sauti ya chini, moja baada ya lingine, mara tatu. Nilikuja kugundua kuwa hiyo ndiyo hatua yake ya kwanza na hairuki kamwe. Hasomi jina la mwisho peke yake. Anasoma la mwisho pamoja na lililolitangulia, kwa sababu, alivyonieleza baadaye, ukitazama kipande kimoja cha nguo hujui mshono unaelekea wapi. Wengi wetu tunadaka jina la mwisho na kukimbia nalo. Yeye husikiliza mazungumzo yaliyokwisha anza, halafu huingia kama mtu wa tatu.

Akaandika: “Pole Musa. Daudi Kabaka.”

Sina makosa. Shauri yako. Pole Musa. Jirani amepita, amekuta ugomvi, amempa pole aliyefukuzwa. Kundi likajaa vicheko na stika, dereva akatuma ujumbe wa sauti ambao ulikuwa kicheko kitupu cha sekunde tisa. Fundi alikuwa ameshafungua kaunta buku lake na kuandika majina matatu kwa wino, kila moja mstari wake, na tarehe pembeni.

Hilo kaunta buku linastahili kusimuliwa. Nilidhani ningekuta nyimbo zimepangwa kwa alfabeti au kwa bendi. Hapana. Zimepangwa kwa mambo. Ukurasa mmoja umeandikwa juu yake “Ndege,” mwingine “Viungo vya mwili,” mwingine “Pesa na ukata,” mwingine “Wakwe na mashemeji,” mwingine “Miji,” mwingine “Vyombo vya safari.” Wimbo mmoja unaweza kukaa kurasa nne. “Jogoo la Shamba” ya Mbaraka Mwinshehe iko kwenye Ndege, iko kwenye Methali, iko kwenye Kilimo, na iko kwenye Miji, ingawa hakuna mji uliotajwa katika jina lake. Kwenye Pesa nilikuta “Shilingi Yaua Tena Maua” ya Simba Wanyika, na pembeni kwa risasi: “lebo ina l mbili.” Anataka jina liandikwe Kiswahili sawasawa, lakini anataka pia akumbuke lilivyochapwa kwenye santuri, maana siku ya ubishi lebo ndiyo shahidi.

Usidhani ni mtu wa nyimbo za kale pekee. Kwenye Vyombo vya safari, “MV Mapenzi” ya DDC Mlimani Park, yaani Sikinde, imefuatwa na “Nyambizi” ya Dully Sykes, meli inayoelea na inayozama, na mshale mdogo umezifunga pamoja. Kwenye Viungo vya mwili, “Macho Yanacheka” ya Shakila ina mshale kwenda “Darubini Kali” ya Afande Sele. Lipo moja ambalo kundi zima bado tunalitaja, la mwaka jana. Mtu alitupa “Mtoto Akililia Wembe,” Sikinde hao hao, wote tukaanza kuhangaika na watoto na vilio. Fundi akaja na “Mikasi” ya Ngwair. Chuma kwa chuma. Na wiki ile ile mtu alipotupa “Bubu Ataka Kusema,” akajibu “Binti Kiziwi” ya Z Anto, na kundi likanyamaza kwa robo saa nzima kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuharibu. Bubu ameukusanya ujasiri wote, amefungua kinywa, na aliyesimama mbele yake hasikii.

Turudi mezani. Baada ya “Pole Musa,” mwanafunzi wa Mwanza aliunga “Mario” ya Franco.

“Jina la mwanamume kwa jina la mwanamume,” alisema fundi, taratibu, bila dharau. “Ni bandi hiyo. Inashika, lakini si mshono.”

Bandi ni ile mishono mirefu ya kushikiza kitambaa kabla ya kushona, huvutwa na kutupwa baadaye. Nilidhani angepuuza, aunge jina lingine la mwanamume mambo yaishe. Badala yake alifanya nilichokwenda kwake kukitazama. Aliichukua ile bandi, akaitafutia mshono.

Alivua miwani, akafumba macho. Kwenye simu, chini ya jina la kundi, iliandikwa kuwa mtu fulani anaandika, kisha ikafutika, kisha mwingine anaandika, ikafutika. Alivuta boksi la viatu kutoka chini ya meza, lililojaa kaseti zenye karatasi zilizoandikwa kwa mkono, akatoa moja na kuitia kwenye redio kwa sauti ndogo kabisa, ya kusikika na watu wawili. Franco akaanza kusema na Madilu System akaanza kuimba. Ule wimbo wa mwaka 1985 ni mrefu, unapita dakika kumi, na fundi aliuacha uende. Nilitaka kumwambia muda unakwenda. Nikakumbuka kiwiko.

Kilingala chake alikipata kwa wanamuziki. Ujanani alikuwa akiwashonea sare wanamuziki wa bendi zilizopita Tanga, na wengi wao walikuwa watu wa Kongo. Kwa hiyo alikuwa anausikiliza wimbo ambao mimi nimeucheza harusini miaka yote bila kuuelewa. Mario ni kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri na mali. Huku kwetu jina lake limegeuka neno la mtaani, marioo. Hilo nalijua, unalijua. Fundi alikuwa anatafuta kingine. Aliinua kidole: “Sikia hapo. Vyeti anavyo. Amesoma huyu. Kazi ndiyo hataki.”

Alifungua daftari ukurasa ulioandikwa “Shule.” Juu kabisa palikuwa na “Msichana wa Elimu.” Aliweka ncha ya kalamu ya risasi juu yake, akaiondoa. Wimbo huo ni wa Daudi Kabaka, na Kabaka alikuwa amepita jina moja tu nyuma. Akashuka mstari mmoja. Akaweka alama ndogo. Lakini hakutuma.

Hapa ndipo palipo na siri yake, kama ni siri, na alinieleza bila kuificha. Jina akishalipata, hulifanyia jaribio moja zaidi: hujiuliza atakayefuata atashika wapi. Kama yeye mwenyewe haoni hata jina moja linaloweza kuja baada yake, halitumi, hata likiwa zuri namna gani. Lile analoliona huliandika kwa risasi, pembeni, na halisemi. Haliruhusiwi kwake, si zamu yake. Ni la kuhakikisha tu kwamba ameacha uzi.

“Nimewaona wanaofunga fundo la kuua,” alisema. “Linang’aa, watu wanashangilia, na mchezo unafia hapo. Nguo gani hiyo isiyo na pindo? Mtu akinenepa utaifungulia wapi?”

Akaandika kwa risasi neno nisiloliona, akafunika kwa kiganja. Kisha akashika simu, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole cha shahada, akarudia kusoma, akasahihisha herufi kubwa, akatuma: “Rosa Nenda Shule. Safari Trippers.”

Zilikuwa zimepita dakika kumi na moja. Kuna aliyekuwa ameuliza kama Mzee amelala.

Nesi ndiye aliyeandika “Fumbua,” na fundi akajibu kwa mistari miwili: Mario kasoma na hafanyi kazi, Rosa aende shule asije akamlea Mario. Sijui kama unaliona kama nilivyoliona mimi. Kijana wa Mwanza alikuwa ametupa jina kwa sababu tu lilikuwa jina la mtu, na mzee akalifanya lionekane lilitupwa kwa busara. Kijana mwenyewe akaandika, “Ndiyo maana nililileta,” watu wakacheka, na fundi akamwachia sifa hiyo.

Mimi kwa upande wangu nimewahi kuadhibiwa na mchezo huu. Mwaka wa kwanza, mtu alitupa ile ile “Jogoo la Shamba,” nikarusha “Kajituliza Kasuku” ya Les Wanyika kabla hajamaliza kupumua. Ndege kwa ndege; nilijiona mjanja. Baada ya hapo likaja njiwa, likaja tausi, tukawa tumefungua banda la kuku na hakuna anayejua pa kutokea. Usiku huo fundi aliniandikia pembeni, nje ya kundi: “Umeona jogoo ukafikiria manyoya. Jogoo la shamba haliwiki wapi?” Haliwiki mjini, nikajibu. Akaniandikia jina moja tu, “Nakei Nairobi,” wimbo wa Mbilia Bel. Nakei ni naenda. Jogoo limefunga safari. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu.

Sisi Waswahili mambo haya tulikuwa nayo kabla ya simu. Mwanamke alimjibu jirani kwa maandishi ya kanga, bila kufungua mdomo, na jirani akaenda dukani kutafuta kanga ya kumjibu. Taarabu imeishi kwa mafumbo. Na wale wa umri wa fundi walikuwa na kadi za salamu: unanunua kadi, unaijaza majina ya unaowasalimu, unaituma redioni, halafu unakaa wiki nzima na sikio kwenye spika. Yeye alikuwa mmoja wao. Anasema kadi ndizo zilizomfundisha kusubiri, na pia kuandika kwa mwandiko unaosomeka, maana mtangazaji akishindwa kulisoma jina lako analiruka. Nyimbo nyingi za bendi za wakati ule zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa hiyo ulizipata kwa saa ya redio, si kwa saa yako. Uliposikia wimbo ulishika jina lake papo hapo au ulikosa.

Wapo siku hizi wanaocheza kwa kutafuta mtandaoni. Wanajulikana. Majina yao huja haraka na makosa ya herufi ya kule yalikotoka, na ukiwaambia “Fumbua” wanakimbia. Simlaumu mtu, lakini sioni utamu wake.

Usiku ule ubishi ulikuja baada ya Rosa. Kijana wa Mwanza, moyo umempanda, akarusha “Zuwena, Dar International.” Nesi akamzuia: Rosa ni sauti ya Marijani Rajab, na Zuwena ni sauti hiyo hiyo. Kijana akasema bendi ni tofauti. Ni kweli, Marijani alikuwa Safari Trippers kabla ya kwenda Dar International, na sheria yetu inasema mwanamuziki, haisemi bendi. Wengine wakaingia, wakaanza kuandika kwa herufi kubwa. Mmoja akataka ushahidi kwamba ni mtu yule yule.

Fundi hakuandika neno. Alitoa kaseti mbili boksini. Moja aliirudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu ya risasi, akipitisha tundu la kaseti kwenye kalamu na kuzungusha mkono kama anayekoroga uji, ili asimalize betri za redio. Akaitia, akasikiliza, akasimamisha mahali gitaa linaponyamaza na sauti inapoingia. Akasogeza simu kwenye spika, akarekodi. Akatoa, akatia ya pili, akatafuta tena mahali pa namna ile ile, sauti inapoingia peke yake, akarekodi. Akazituma mfululizo, bila maelezo. Zilikuwa fupi, hazikufika nusu dakika zote mbili.

Nilizisikiliza pale pale kwa masikio yangu, na huhitaji kuwa mtaalamu. Ile sauti nzito, tulivu, yenye kubembeleza kama mtu anayemshauri mdogo wake, haina pacha. Kijana akaandika: “Nimekubali, wazee wangu. Nimefuta.” Na akalifuta kweli.

Mahali pake dereva akaweka “Dada Asha” ya Tabora Jazz. Rosa, Asha, wasichana wawili, bandi nyingine. Na fundi akaanza tena, kusoma mawili pamoja, miwani, macho kufumba. Safari hii hakugusa kaseti. Alifungua ukurasa wa Wakwe na mashemeji. Ukimwita msichana dada, aliyemwoa unamwitaje? “Shemeji Shemeji,” akatuma. “Salum Abdallah na Cuban Marimba.” Ni fundo ambalo kwa lugha yenye neno moja tu la ndugu wa ndoa lisingekaa vizuri hivi.

Aliyeunga hapo alikuwa mtu ambaye huonekana mara moja kwa mwezi, mama mmoja wa Morogoro anayeuza vitenge. Aliandika “Shida. Mbaraka Mwinshehe.” Hakuna aliyeelewa. Shemeji na shida vina nini? Zikaja “Fumbua” nne kwa mpigo. Fundi alikuwa ameshavua miwani.

“Kimya,” aliwaandikia. Kisha akaniambia mimi, kwa mdomo: “Wote wawili ni Morogoro. Na wote wawili barabara ndiyo iliyowachukua.”

Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka naye alifariki kwa ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979. Mama wa vitenge alikuwa ameunga kaburi na kaburi, na jina la wimbo alilolichagua kueleza jambo hilo lilikuwa neno moja tu. Alipofumbua hatimaye, kundi halikutuma stika. Fundi aliliandika jina alilotoa mama yule kwa wino, akalipigia mstari kwa rula. Nilihesabu kurasa za nyuma; mistari ya namna hiyo ni michache, na hakuna hata mmoja ulio chini ya jina alilotoa yeye.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio kidogo. Nesi akaleta “Neema” ya DDC Mlimani Park, kinyume cha shida, na kila mtu akashusha pumzi. Kijana wa Muscat akaunga “Kipenda Roho” ya Remmy Ongala. Dereva, ambaye kwa kawaida ni mtu wa fundo la haraka, akafanya maajabu: “Vunja Mifupa,” Samba Mapangala. Kipenda roho hula nyama mbichi, na mwenye meno avunje na mifupa. Fundi alipiga meza kwa kiganja. “Amekua huyu!” alisema. “Mwaka juzi alikuwa anaunga Asha kwa Asha.”

Halafu akanyamaza, na nikajua ameingia kazini. Kaunta buku likafunguliwa kwenye Chakula, likafungwa. Likafunguliwa kwenye Viungo vya mwili, kidole kikapita taratibu kwenye safu nzima na kurudi juu. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tano. Nje, muuza kahawa alikuwa anagonga vikombe vyake kurudi nyumbani. Fundi alijigusa shavu, upande ambao magego hayapo tena, akatabasamu peke yake.

“Mwenye meno avunje,” alisema. “Sasa sisi?”

Akatuma: “Muhogo wa Jang’ombe. Bi Kidude.”

Kwa aliyeishiwa meno, muhogo uliochemshwa, tena wa kutoka mikononi mwa bibi aliyekuwa bado anaimba jukwaani uzeeni, akatutoka mwaka 2013. Nilitazama kiganja chake. Kabla ya kutuma alikuwa ameshaandika pembeni kwa risasi, na safari hii alisahau kufunika. “Ngoma Iko Huku.” Bi Kidude alikuwa mtu wa unyago, ngoma ameifunga kiunoni, na aliyeimba “Ngoma Iko Huku” ni Salum Abdallah, ambaye jina lake lilikuwa limepita usiku ule ule. Nilimwonyesha. Akahesabu kwa vidole: Mbaraka mmoja, Sikinde wawili, Remmy watatu, Samba wanne, Kidude watano. Matano kamili. Mlango ulikuwa umefunguka dakika ile ile alipotuma.

Hakuna aliyejibu. Kijana wa Muscat akaaga, huko kwao saa zimetangulia. Dereva alikuwa na foleni ya mpaka kesho alfajiri, bando lake likaisha. Nesi alikuwa ameingia zamu ya usiku. Fundi alisubiri mpaka saa tano na nusu, akafunga daftari, akanielekeza mkeka wa kulala chumba cha nje.

Asubuhi nilimkuta ameshakaa kwenye cherehani, kastabini kidoleni, anamalizia kwa mkono matundu ya vifungo vya shati la mtu aliyeahidiwa saa mbili. Tundu moja lilimchukua muda ambao mimi ningeshona shati zima na kuliharibu. Anazungushia uzi ukingoni, kila mshono umelala ubavuni mwa mwenzake, halafu anavuta kidogo, anatazama kwenye mwanga, anaendelea. Simu ililia mezani. Hakuinuka. Alimaliza tundu, akakata uzi, akachoma sindano kwenye kola ya shati lake, ndipo akaijia.

Alikuwa nesi, ametoka zamu. “Disco Chakacha. Mombasa Roots.”

Fundi alisoma majina mawili pamoja, ya kwake na ya nesi, mara tatu. Ngoma ya unyago imehamia kwenye ngoma ya harusi ya pwani, nayo imeingia disko.

“Huyu mwanamke,” alisema.

Alifungua kaunta buku, akaandika “Disco Chakacha” kwa wino. “Ngoma Iko Huku” iliyoko pembeni hakuifuta. Nilimuuliza ipi ni nzuri zaidi.

“Yake. Ameniacha Mombasa. Mombasa ina nyimbo ngapi?” Akavaa kastabini. “Hebu nipe huo uzi mweupe, mwanangu, na usogee kidogo, umenizibia mwanga.”